Bi Kona na Kioo Changu

Wachezaji wa ukumbini walinijia wakasema, bibi, tuandikie habari za Bi Kona, wewe ndiye uliyemjua kuliko sisi sote. Nikawaambia nitaandika, ila nitaandika nilivyoona mimi, si mnavyosimulia nyinyi mkishakunywa soda baridi. Nyinyi mnasema alikuwa mpole. Alikuwa mpole, sikatai. Lakini mtu anaweza kuwa mpole na bado akakukosesha usingizi.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kubwa, kwa ile mashine ya moto inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili. Mikono yake, kuanzia kiwiko kushuka, ilijaa makovu ya kuungua, mengine ya zamani, mengine bado mabichi. Mume hakuwa naye. Alikuwa anamlea binti wa marehemu dada yake, akamsomesha mpaka akamwozesha, peke yake, na wala hukumsikia akilalamika. Mrefu, mwembamba, kandambili miguuni, kichwani kitambaa cheupe, na mimi najua kitambaa kile alikikata kwenye shuka bovu la hospitali.

Ukumbi ulikuwa wetu, mimi na mume wangu. Yeye alikuwa fundi seremala. Meza ya puli aliinunua mbovu, mguu mmoja umekatika na kitambaa chake cha kijani kimetafunwa na panya, akaitengeneza mpaka ikawa meza ambayo watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuichezea. Ukumbi wenyewe ulikuwa mwembamba. Mimi nilikaa kando ya kaunta kuuza chai na soda na kutunza chaki, juu ya kiti cha mbao chenye mto mwekundu nilioushona mwenyewe. Kati ya kiti changu na meza ilikuwa hatua moja tu, na wachezaji wasio na akili walikuwa wakinidunga kwa vitako vya fimbo zao.

Siku aliyokuja mara ya kwanza alikuwa ametoka kazini, alasiri, bado ananukia sabuni ya mashuka. Kinyozi jirani yetu alikuwa ameinama anataka kupiga. Mwanamke huyu akasimama mlangoni, kimya, hakuingia. Kinyozi alipomaliza kupiga ndipo akavuka kizingiti.

"Kaka," akamwambia mume wangu, "naruhusiwa kucheza?"

"Karibu, dada. Meza haina mwenyewe."

Meza haina mwenyewe! Na mimi niliyekuwa nimekaa pale nilikuwa nani, stuli?

Akanigeukia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo wifi. Naomba chaki."

Wifi. Kwa kuwa mume wangu ameshakuwa kaka, mimi nimeshakuwa wifi, hata jina langu hajauliza. Nikamsukumia chaki juu ya kaunta.

Sasa niwaeleze adabu zake, maana ndizo zilizoniudhi kwanza. Mwenzake akiwa anapiga, hakusimama mbele ya macho yake, alijibanza nyuma au pembeni, fimbo ameisimamisha kama mlingoti. Bangili alizivua kabla ya kucheza zisije zikapiga kelele mtu anapolenga. Chaki hakuipaka juu ya meza, alirudi nyuma hatua ili unga usidondoke kwenye kitambaa. Akikosea, kama shati lake limegusa mpira, alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Na mpira ukiingia kwa bahati, si kwa alivyokusudia, aliinua mkono wa kushoto juu kabisa, kuomba radhi.

"Umeona?" mume wangu akaniambia. "Hivyo ndivyo mtu anavyosimama mezani."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ile tangu tulipofungua ukumbi. Hakuna siku aliyosifu nilivyosimama.

Alichopenda mwanamke yule ni mipira ya kurudi. Asiyecheza puli ajue hivi: mpira ukiwa njia yake ya kwenda shimoni imezibwa, unaweza kuupeleka kwanza kwenye raba ya pembeni, ile kingo inayodunda, ukarudi ukaingia shimo la upande wa pili. Na kama mpira wenyewe unaoutafuta umefichwa nyuma ya mwingine, unapeleka mpira mweupe kwenye raba kwanza, uzunguke, uufuate ulipojificha. Ni kazi ngumu. Watu wengi wanapiga tu wakitumaini. Mume wangu alikuwa hatumaini, alikuwa analenga. Na sheria ya ukumbi wetu ilikuwa kwamba mpira wa kurudi lazima uutangaze kabla hujapiga: raba ipi, shimo lipi. Raba zetu zilikuwa na majina: ya kaunta, ya dirisha, ya mlango, ya ukuta. Usipotangaza, hata ukiingia haukuhesabiwa.

Mwanamke yule alitangaza kwa sauti ndogo, "Raba ya kaunta, kona ya dirisha," na mpira ukaenda, ukadunda, ukarudi, ukaanguka kona ile kama umeitwa. Mume wangu akacheka. Ni kicheko fulani kilichotoka chini ya koo, kizito, cha mtu aliyeshiba. Nyumbani sikuwahi kukisikia. Akasema, "Huyu ni Bi Kona," na jina likamganda hapo hapo.

Nikaanza kuhesabu vicheko. Nyumbani kwangu hakuna, ukumbini vimejaa.

Siku moja mchana nikaingia chumbani kujipaka mafuta, kioo changu hakipo. Kioo changu cha kujitazamia, chenye fremu ya mbao, nilichokuja nacho nilipoolewa. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta kabatini. Nikaenda ukumbini. Bado hatukuwa tumefungua, mlango umerudishwa tu. Nikausukuma.

Mume wangu ameinama upande mmoja wa meza, Bi Kona ameinama karibu naye, na kioo changu kimesimama juu ya kitambaa cha kijani, kimeegemezwa kwenye raba ya kaunta. Wote wawili wanatazama ndani yake.

"Unaona?" mume wangu anasema, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto. "Angalia vizuri humo ndani."

"Naona, kaka."

Nikasema, "Na mimi nikiangalia nitaona nini?"

Mume wangu akaruka. Bi Kona akasimama wima, akasalimia. Mume wangu akaanza kueleza: eti ndani ya kioo unaliona shimo la upande wa pili wa meza kama vile liko nyuma ya raba, kwenye meza nyingine isiyokuwepo. Sasa wewe unasahau raba, unalenga lile shimo la kwenye kioo moja kwa moja. Mpira ukifika kwenye raba unageuka wenyewe na kwenda shimo la kweli. "Ndiyo siri ya mipira ya kurudi, mama watoto. Yote iko humo."

"Siri iko kwenye kioo changu, na mimi mwenye kioo sijaambiwa."

"Hukuuliza."

Nikakibeba kioo changu kifuani nikaondoka nacho. Jioni ile nilikipigilia misumari ukutani, minne, na kichwa cha kila msumari nikakipinda.

Hapo ndipo lilipoanza jambo baya zaidi. Bi Kona akaanza kunitazama.

Kila alipotaka kupiga mpira wa kurudi kwa raba ya kaunta, aliinua macho, akanikazia mimi nilivyokaa kwenye kiti changu. Si kunitupia jicho, hapana. Kunikazia, macho madogo, hayapepesi. Kisha anainama, anapiga, mpira unaingia, mume wangu anacheka kile kicheko chake. Nikajua ananidhihaki. Nikajua anasema kwa macho, tazama, huyu mumeo anavyonifurahia.

Nami sikugeuza uso. Nikamkazia macho vilevile. Tukawa tunakaziana kila alasiri, mimi na chai yangu, yeye na fimbo yake, mpaka kinyozi akauliza, "Kwani nyinyi wawili mnadaiana macho?"

Siku moja joto lilikuwa kali nikahamisha kiti changu karibu na mlango nipate upepo. Bi Kona akaja, akatangaza, "Raba ya kaunta, kona ya dirisha," akainua macho, akatazama pale nilipokuwa nakaa. Akatafuta. Akapiga, mpira ukaenda mbali na shimo. Akapiga mwingine baadaye, ukakosa. Akanigeukia.

"Wifi, umehama?"

"Kiti ni changu, naweza kukaa hata juu ya paa."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikafurahi kwa mara ya kwanza tangu mwanamke yule atokee. Kesho yake nikakihamisha tena. Na kesho kutwa. Akawa anakosa, na mimi nikawa nalala vizuri, ingawa sababu sikuijua.

Lakini mtu mwenye wivu hawezi kutulia. Nikataka kujua ni kitu gani mume wangu alimwonyesha humo ndani ya kioo. Asubuhi moja mume wangu ameenda kununua mbao, nikaing'oa ile misumari, nikabeba kioo, nikaurudisha mlango wa ukumbi nyuma yangu. Kiti changu nilikuwa nimekirudisha mahali pake pa zamani, kando ya kaunta. Nikakiegemeza kioo kwenye ubao wa meza, nyuma ya raba. Nikaweka mpira, nikainama.

Kweli, shimo nililiona. Lilikuwa ndani ya kioo, jeusi, limetulia. Nikaweka fimbo kulielekea, kisha nikakiondoa kioo ili nipige. Sasa kioo hakipo, shimo limekwenda wapi? Nikafuata mstari wa fimbo kwa macho, uvuke raba, uvuke ubao wa meza, uende hewani mpaka pale ambapo shimo la kioo lilikuwa linaonekana.

Mstari ule ulinifikisha kwenye kiti changu. Katikati ya mto mwekundu.

Nikakaa kwanza. Alikuwa hanitazami mimi. Siku zote zile nilizokuwa nimemkazia macho nikidhani tunapigana, yeye alikuwa anatazama shimo lake. Kioo nilimnyang'anya, basi akashika kwa kichwa pale lilipokuwa shimo, na pale palikuwa kitini kwangu. Mimi nilikuwa alama tu.

Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilipandwa na hasira upya. Kumbe hata kunitazama hakunitazama! Nimejipamba kwa ajili ya vita, na adui hajui kama kuna vita.

Basi nikaanza kujifunza. Kila asubuhi mume wangu akitoka kwenda kutafuta mbao, mimi mezani. Nikapiga na kupiga. Lakini mipira yangu ilikataa. Kila mara ilirudi ikafa kabla ya shimo, upana wa kiganja, wala haikubadilika. Nikasema kioo kimelogwa.

Asubuhi moja nimeinama, nikasikia kandambili. Bi Kona, ametoka zamu ya usiku. Alisimama mlangoni mpaka nikapiga. Hata mimi, ambaye sikuwa mchezaji, alinisubiri nipige.

"Wifi," akasema, "kioo chako kimekaa mbali."

"Sikukuuliza."

"Usikiweke nyuma ya raba. Mpira haufiki huko, unageuka kabla, maana una tumbo. Kisogeze ndani, mbele ya raba, nusu ya mpira."

"Nimesema sikukuuliza."

"Na usipige kwa hasira. Ukiupiga kwa nguvu, raba inabonyea, na mpira unarudi umenyooka kuliko ulivyokwenda. Polepole, kama unakunja shuka na mwenzio. Ukimvuta, pembe hazikutani."

Akaacha hapo, akaenda zake kulala. Na siri yangu hakumwambia mtu. Nilisubiri kandambili zake zipotee barabarani, ndipo nikasogeza kioo ndani, nusu ya mpira. Nikapiga taratibu. Ukaingia.

Ningefurahi kama ningegundua mwenyewe.

Ikapita miaka. Macho ya mume wangu yakaanza kuingia ukungu. Kwanza alikuwa akigonga milango, halafu akawa hatofautishi mpira mwekundu na wa njano. Siku moja akaishusha fimbo yake kutoka kwenye misumari yake miwili juu ya kaunta, akaipapasa toka ncha hadi kitako.

Fimbo ile mjue ilitoka wapi. Tulipooana alitutengenezea kitanda kwa mkono wake, mti mgumu mweusi, na kipande kilichobaki ndicho alichochonga fimbo. Kitanda na fimbo ni mti mmoja. Mimi nalala juu ya nusu moja, nusu ya pili yeye anachezea.

"Hii haifai kukaa bure," akasema mbele ya watu. "Nampa Kona."

Nikaweka birika chini. "Unampa nani?"

"Kona. Ndiye anayejua kuitumia. Wewe huchezi."

"Nani kakwambia sichezi?"

Kinyozi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, wewe unacheza na sufuria."

"Nitacheza naye," nikasema. "Jumapili, hapa hapa. Akinishinda aichukue. Nikimshinda, fimbo ile haitoki chini ya paa langu mpaka nife."

Bi Kona alikuwa amesimama pembeni, anapaka chaki. "Wifi, si lazima."

"Ni lazima."

Jumapili ukumbi ulijaa, wengine wakachungulia dirishani. Mume wangu alikaa kwenye benchi karibu na mlango, uso ameuinua, anasikiliza kwa masikio. Kwa kuwa mwamuzi wetu siku zote alikuwa yeye, na sasa haoni vizuri, tulishika sheria nyingine ya ukumbi: anayepiga mpira uliojificha humwita mwenzake asimame pembeni aangalie ni mpira upi utaguswa kwanza, na neno la mwenzake ndilo la mwisho. Yaani unamkabidhi hukumu yako mpinzani wako. Ndivyo mume wangu alivyoipanga. Alisema meza isiyo na uaminifu ni ubao tu.

Mimi mipira yangu ilikuwa myekundu, yake ya njano. Sitawachosha. Nilipotumbukiza wa kwanza kwa raba ya kaunta, baada ya kutangaza vizuri, kinyozi alikunywa chai ya mtu mwingine kwa mshangao.

"Mama! Umejifunza wapi?"

"Kwenye sufuria."

Ikafika mahali Bi Kona amemaliza yake yote, amebakiwa na mweusi tu, ule wa kumalizia. Mimi nimebakiwa na mwekundu mmoja, halafu mweusi. Akanifungia: mweusi akauweka mbele, mwekundu wangu nyuma yake, karibu na shimo la ukuta, njia ya moja kwa moja hakuna. Ilibidi nizungushe mpira mweupe kwa raba ya dirisha, uugonge mwekundu kwa nyuma. Nikiukosa, au nikigusa mweusi kwanza, ni kosa, naye atapewa mpira mweupe mkononi auweke anapotaka.

Nikalenga kama kwenye kioo. Nikaona mwekundu wa kioo uko wapi: kwenye komeo la dirisha. Nikatangaza. Nikamwita, "Njoo usimame."

Akaja akasimama pembeni, karibu na mpira.

Na hapo mume wangu akauliza, "Kona, amelenga vizuri?"

"Amelenga vizuri sana, kaka."

Akacheka. Kile kicheko cha koo. Mimi ndiye niliyelenga, na kicheko anapewa aliyesimama!

Nikapiga kwa hasira. Nilijua nimeharibu kabla hata sijaishusha fimbo. Raba ikabonyea, mpira ukarudi umenyooka kupita kiasi, ukapita kando ya mwekundu wangu unywele mmoja, ukaugonga mweusi. Mweusi ukausukuma mwekundu. Niliona kwa macho yangu: mweusi kwanza, mwekundu baadaye.

Wote wanamtazama Bi Kona.

"Mwekundu kwanza," akasema. "Ni halali."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya mezani, ambaye shati lake likigusa mpira anajitaja mwenyewe, leo anadanganya kwa ajili yangu. Ananihurumia. Anataka kunipa fimbo ya kitanda changu kama anavyompa mtu shuka lililotumika.

"Mweusi kwanza," nikasema.

"Wifi, nimesimama karibu. Mwekundu."

"Una macho au vifungo? Mweusi!"

"Mimi ndiye shahidi."

"Na mimi ndiye niliyekosa! Unaninyang'anya hata kosa langu?"

Mume wangu akapiga benchi kwa kiganja. "Nimekaa na wacheza puli ujana wangu wote, nimeona watu wakigombana mpaka wakavunjiana fimbo. Leo ndiyo naona watu wanagombania kosa. Anayejishitaki mwenyewe hahitaji shahidi. Kona, chukua mpira mweupe."

Akauchukua. Akaushika kwa muda. Nikamwambia, "Na usinichezee ovyo. Ukikosa makusudi, nitajua."

Shimo lililo karibu na mweusi lilikuwa limezibwa na mwekundu wangu. Akauweka mweupe chini, akasema, "Raba ya kaunta, kona ya dirisha." Akainua macho akatazama kiti changu, kitupu, mto mwekundu. Akapiga polepole. Mweusi ukaenda, ukadunda, ukarudi, ukaanguka.

Mume wangu akashusha fimbo, akaipapasa mara ya mwisho, akamnyooshea. Bi Kona akaipokea kwa mikono miwili. Na mimi, sikuweza kujizuia, nikasema mbele ya watu wote, "Chukua. Chukua na kitanda kabisa, maana ni mti mmoja."

Akashtuka kweli kweli. "Mti upi?"

"Wa kitanda changu cha ndoa. Hukuambiwa?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akajikuna kichwa. "Sikudhani ni jambo."

"Kaka!" Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipandisha sauti. Akaja kwangu na fimbo. "Wifi, ungesema tangu mwanzo, nisingeigusa. Shika."

"Sishiki. Umenishinda."

"Mimi siwezi kulala nyumba moja na mti wa kitanda cha mtu."

"Na mimi siwezi kupokea nilichoshindwa."

"Basi," mume wangu akasema, "nitaikata iwe kuni, mpikie chai."

Tukamgeukia wote wawili kwa pamoja, "Thubutu!" Hapo kinyozi ndipo alipoanguka chini kwa kicheko.

Tukakubaliana hivi: fimbo ikae kwenye misumari yake miwili, nyumba yake ni ukumbini. Kila Jumapili mimi na yeye tutacheza, na atakayeshinda ndiye atakayeichezea wiki nzima. Tukacheza hivyo mpaka mvi zikatujaa. Wiki nyingi ilikuwa yake. Wiki zangu zilikuwa chache, lakini wiki hizo nilikuwa naipangusa fimbo ile mbele yake kila nilipopata nafasi.

Baadaye vidole vyake vikakakamaa, kwa ule moto na maji ya udobi. Hakuweza tena kushika fimbo. Lakini alikuja kila alasiri, na kwa kuwa miguu nayo ilikuwa inauma, alikaa kwenye kiti changu, juu ya mto wangu, akawauzia watu chai yangu. Mume wangu wakati huo alikuwa haoni kabisa, yuko kwenye benchi lake.

Siku moja nacheza na kinyozi. Nimebaki na mweusi, njia imezibwa. Nikatangaza, "Raba ya kaunta, kona ya dirisha." Nikainua macho kutafuta shimo la kioo, na pale lilipokuwa, amekaa yeye.

Akajaribu kuinuka. "Wifi, nihame?"

"Usithubutu. Kaa hapo hapo, nakuona vizuri."

Nikamkazia macho. Akanikazia. Nikapiga polepole, kama linavyokunjwa shuka. Mweusi ukaenda mpaka karibu na magoti yake, ukadunda, ukavuka meza yote, ukaanguka.

Mume wangu akacheka. Alikuwa anasinzia, mlio wa mpira ukamwamsha, na kicheko kilikuwa kile kile, cha chini ya koo. "Kona!" akasema. "Huyo ni Kona, hakuna mwingine anayeupiga hivyo. Nausikia."

Bi Kona akasema, "Kaka, mimi nimekaa. Huyo ni mkeo."

Kicheko nilikisubiri toka tulipofungua ukumbi, na kilipokuja kwangu kilikuwa kimebeba jina lake. Mume wangu akaninyooshea mkono hewani, akitabasamu, akitafuta niliko. Nilimpa mkono. Lakini nilichelewa kidogo, makusudi.

Bi Kona amefariki sasa, na mume wangu alimtangulia. Binti yule aliyemlea alikuja ukumbini baada ya mazishi kuuliza kama mama yake mdogo ameacha chochote hapa. Nikamwonyesha misumari miwili. Nikamwambia fimbo ile huwa ni ya anayeshinda Jumapili, akitaka aje tucheze. Huja, na hucheza vizuri, anasimama kama mama yake mdogo alivyosimama, nyuma, kimya, bangili amevua. Bado hajanishinda.

Kioo changu kiko ukumbini siku hizi, anayetaka kujifunza akiweke mbele ya raba, nusu ya mpira. Wakiuliza nani aliyegundua hiyo nusu ya mpira, nasema ni Bi Kona, kwa sababu ni kweli, ingawa mdomo wangu haupendi. Na mpira wangu ukiingia kwa bahati, wanaoujua wivu wangu hushangaa, naweka fimbo chini na kuinua mkono wa kushoto kama alivyofanya yeye.

Ila siuinui juu kama wake.